Mrejesho: nimehama kemia

Assalam aleikum, mimi ndo yule wa Lamu niliyeuliza mwezi uliopita nihame kemia ama nikaze tu, maana oganiki, ile kemia ya kaboni, ilikuwa ishanipa sapu (mtihani wa kurudia) mara mbili, molekuli ya benzini nachora vizuri lakini ukiniuliza hizo elektroni zaenda wapi sina jibu. Basi nimehama, sasa nasoma sayansi ya bahari, na kemia bado ipo ila naielewa kwa sababu naiona, juzi tulikwenda mikokoni huku nyumbani nikalamba jani la mchu, aina ya mkoko, chumvi tupu wallahi, mti wenyewe waitoa majanini. Mamangu alilia kidogo, ashazoea kusema mwanawe ni mkemia. Na wewe uliyenambia nimuone mshauri wa kozi kabla ya dedilaini, Mungu akuweke, yuniti zangu tatu zimehesabiwa kwenye kozi mpya.