Naomba ushauri: mama anatibu kwa mitishamba, nataka asajiliwe

Habari zenu wakuu. Mama yangu yuko Handeni, anatibu kwa mitishamba tangu sijazaliwa. Alifundishwa na babu porini, cheti hana. Najua Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 inataka mganga asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na sitaki siku moja akamatwe kama tapeli, maana watu wanamheshimu sana.

Aliyepitia njia hii anisaidie: kwa mtu aliyerithishwa ujuzi, mratibu wa tiba asili wa wilaya alikubali uthibitisho gani? Barua ya mtendaji wa kijiji ilitosha? Na unga wa mlonge anaofungasha, niusajili sambamba au nisubiri kwanza yeye apate cheti?