Maine: mbona seneta tunampangia namba ila gavana hapana??

MamaBukavu
Jamani mlio hapa Maine, Marekani, naomba mnieleweshe. Nimeapa uraia mwaka jana, so 2026 ndo mara yangu ya kwanza kupiga kura nchi hii. Nimeambiwa Juni kwenye mchujo wa chama wagombea ugavana unawapanga, wa kwanza huyu, wa pili yule, wa tatu fulani. Haya Novemba seneta wa Washington unapanga namba pia, lakini gavana unaweka alama kwa mmoja tu basi. Siku ileile, chumba kilekile! Kazini nimeuliza wamarekani wenyewe wananiambia ndo sheria. Na mzee wangu hapa nyumbani anasema yeye atapaka viduara vyote vya mtu wake mmoja ili kura yake ihesabiwe mara tano 😅 ni kweli?

KijanaLewiston
Shikamoo mama na hongera kwa kuapa. Mwambie mzee haihesabiwi mara tano. Kupanga namba ni hivi, asipopatikana aliyepita nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata la kila mpiga kura. Akipaka jina moja safu zote inabaki kura moja, na mtu wake akitolewa kura imeisha hapo hapo, kajinyima mwenyewe chaguo la pili.

Kuhusu gavana ni katiba ya jimbo. Zamani Maine gavana alitakiwa apite nusu, asipopita bunge linaamua, uchaguzi wa 1879 ukaleta vurugu mpaka watu wenye silaha wakajaa Augusta, makao makuu ya jimbo, kila upande unadai serikali ni yake. Basi 1880 wakabadilisha katiba, mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndo kashinda, hata kama ni thelathini na kitu. Sasa 2016 wananchi wakapitisha kupanga namba kwa kura ya maoni, 2017 majaji wa mahakama ya juu ya jimbo wakasema kwa gavana na wabunge wa Augusta kwenye uchaguzi wa Novemba hiyo inagongana na katiba. Michujo na viti vya Washington haviguswi na hicho kifungu, ndo maana unaona nusu nusu.

Kinachoniuma mimi ni kwamba watu walipigia kura hii kitu kwa sababu ya gavana hasa! 2010 LePage aliingia ugavana na asilimia kama 38, kura nyingi zilizobaki wakagawana wapinzani wake Cutler na Mitchell. Yaani dawa imenunuliwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja wakapewa wengine wote isipokuwa yeye.

MkenyaPortland
Kwetu rais ni 50 jumlisha moja na robo ya kura kwa kaunti 24, ukikosa mnarudi debeni. Hii ya Maine ni raundi ya pili bila kupanga foleni tena, mbona iko poa tu

MzeeKigoma
Poa kwa nani? Mnaisifia ila hamsemi yote. 2018 kwenye kiti cha wilaya ya pili ya Maine kule Congress, bunge la Washington, mgombea Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza kwa kura kama 2,000, wakahesabu upya Augusta kwa kuhamisha za wale wagombea wawili wa mwisho akashinda mpinzani wake Golden kwa kama 3,500. Na kura zaidi ya 8,000 zilikufa njiani kwa sababu wenyewe hawakupanga wengine. Zilizokufa ni nyingi kuliko tofauti! Bibi zetu hawasomi kiingereza wanapewa karatasi ina viduara kama mtihani wa hesabu.

KijanaLewiston
Mzee heshima yako, ila hizo 8,000 kwa mfumo wa zamani zingekufa palepale hesabu ya kwanza, walichagua mtu asiyeweza kushinda. Poliquin alienda mahakama ya shirikisho akashindwa. Kwa bibi nakubaliana na wewe asilimia mia, ila sheria ya shirikisho inamruhusu asiyeweza kusoma aingie na msaidizi anayemchagua mwenyewe, mjukuu, jirani, yeyote, isipokuwa bosi wake au wakala wa bosi au wa chama chake cha wafanyakazi. Wengi hawajui hii wanaogopa kuomba.

MzeeKigoma
Hiyo ya msaidizi sikuijua. Bado naona kazi ni kubadilisha katiba kwanza, sio kuchanganya watu mifumo miwili kwa siku moja.

MamaBukavu
Asanteni sana, sasa nimeelewa. Mwenzenu haya nimeyaona kinyume chake, Congo 2006 tulikuwa na raundi mbili, Kabila na Bemba, halafu Januari 2011 wakabadilisha katiba ikawa raundi moja, mwaka huohuo Kabila akapita bila kufika nusu, 2018 Tshisekedi akatangazwa mshindi na asilimia 38. Ni namba ileile ya LePage nyie!! Ndo maana nilivyosikia gavana ni mmoja tu moyo ulishtuka.

Mzee wangu wa nyumbani nimemsomea hapa. Kakubali kuandika wa pili, wa tatu kagoma kabisa anasema huyo hata salamu hampi.