"Laptopu tu inatosha": acheni kuwadanganya vijana, mnatuharibia kazi

Wakuu, leo salamu fupi, nina hasira. Mods naomba msiuhamishie uzi huu kwenye burudani, hapa tunaongelea kazi na pesa.

Kuna watu wamejaa mitandaoni kazi yao kuwaambia vijana kwamba vifaa vya studio vimepitwa na wakati. Eti siku hizi kila kitu kimo ndani ya kompyuta: shusha programu, rekodi, toa ngoma. Mkishawajaza, vijana wenyewe wanaishia kwetu sisi wenye studio za chumbani. Juzi kaja mmoja na vokali (sauti ya kuimba tupu) za wimbo mzima kwenye flashi. Dogo anaimba, hilo silipingi. Lakini kachomeka kimaiki kwenye tundu la hedifoni la laptopu akarekodi hivyo hivyo. Feni inasikika, chaja inanguruma, kila penye herufi P pamelipuka. Anataka nisafishe, tena kwa nusu bei, "si unabonyeza tu kaka".

Nibonyeze wapi? Sauti ikipasuka wakati inaingia imeshapasuka. Plagini, yaani kiprogramu cha kuongezea kwenye programu ya kurekodia, inapunguza kelele, sawa, ila ukiikaza mwimbaji anaanza kusikika kama yuko ndani ya pipa.

Sauti ya mtu ni hewa inayotikisika. Mpaka igeuke namba kwenye kompyuta, lazima ipite kwenye maiki, ipandishwe nguvu, igeuzwe. Hizo kazi zinafanywa na vyuma, na hakuna programu iliyowahi kuzifanya. Kwa hiyo anayesema "vifaa havina haja" anamaanisha utumie vifaa vya bei chee vilivyomo kwenye laptopu, ambavyo viliwekwa kwa ajili ya kupigia simu.

Halafu kuna kuchelewa kwa sauti, ambako hawa walimu wa mtandaoni hawakugusi kabisa. Kompyuta inapima sauti vipande vidogo vidogo (sampuli) na kuvikusanya kwenye fungu (bafa) kabla ya kuvichakata. Ukiweka bafa ya sampuli 1024, huku sauti ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 23 za kuingia tu, bado kutoka. Msanii anajisikia kwenye hedifoni akiwa nyuma ya mdomo wake mwenyewe, anaanza kuburuza mashairi, mnadhani hajui kukaa kwenye biti! Ukishusha bafa mpaka 64, laptopu ya RAM 4 inakwaruza na kukatika. Saundikadi ya nje, yaani kile kiboksi unachochomeka maiki ili kigeuze sauti iingie kwenye kompyuta, hata ile ndogo kabisa ya tundu mbili, inampa msanii sauti yake moja kwa moja kabla haijafika kwenye kompyuta. Tatizo limeisha, bila kununua kompyuta mpya.

Na nyie wauzaji mnaomuuzia mtoto wa watu "kondensa ya studio" (maiki inayonasa hata sauti ndogo) na kumwambia achomeke kwenye laptopu, nyie ndio mnanimaliza kabisa. Kondensa halisi ya studio kwa kawaida inataka volti 48, lile tundu linatoa volti chache tu. Mnajua, mnanyamaza. Tena kwa vyumba vyetu vya uswahilini, chini ya bati, bodaboda dirishani, kuku uani, kondensa mara nyingi inakuletea mtaa mzima. Maiki ya dainamiki, isiyonasa sana sauti za mbali, kama SM58, ambayo ipo sokoni tangu 1966, mdomo karibu, godoro nyuma ya mwimbaji, utapata vokali safi kuliko huyo mwenye maboksi yanayong'aa.

Najua kuna mtu atakuja na mfano wa Billie Eilish, yule mwimbaji wa Marekani. Ndiyo, albamu yake ya 2019 ilirekodiwa chumbani Los Angeles na kaka yake Finneas, na ikabeba Grammy ya albamu ya mwaka 2020. Kasomeni walirekodia nini! Kulikuwa na maiki ya Neumann TLM 103, saundikadi ya maana na spika za Yamaha za kusikilizia. Chumba kilikuwa cha kulala, vifaa havikuwa vya kulala.

Sijasema mtu akope anunue mikseri ya meza nzima. Kompresa za nje, mashine za ritimu, vinanda vya mamilioni, achana navyo, programu zimeshavimeza. Hata lile besi la logi dramu la amapiano linalotikisa kila baa ya Dar limetoka kwenye plagini ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, na hakuna anayelalamika. Anayetengeneza biti tupu, laptopu na hedifoni nzuri zinamtosha. Lakini ukishataka koo la mtu, au udi, au gitaa la nyuzi, tafuta maiki na saundikadi. Vya mtumba pia vinafanya kazi, ila vijaribu kabla hujatoa hela.

Sasa nyie wa "laptopu tu", njooni hapa chini muweke vokali mlizorekodia kwenye tundu la laptopu. Ziwe ghafi, bila mwangwi, bila biti nyuma. Nasubiri.