Ulinganisho: miaka iliyobaki ya ukodishaji Jambiani, fleti ya Fumba, au shamba kwa jina la shemeji?

Kiwanja_na_Hati:
Assalaam alaykum jamaa. Mnunuzi ni Mtanzania wa Bara anayetaka mali Zanzibar, ana dola 130,000, na mbele yake kuna njia tatu.

(a) Jambiani, nyumba ya wageni ya vyumba sita juu ya ardhi ya kukodi. Mkataba ulianza 2006, wa miaka 33, unakwisha 2039. Muuzaji anasema "kuongeza ni kawaida tu".
(b) Fleti mpya Fumba, chini ya kondominio (kila mtu ana hati ya fleti yake, ngazi na paa ni vya pamoja).
(c) Shamba la eka moja Kizimkazi, hati itoke kwa jina la shemeji yake Mzanzibari, halafu wao wawili wawekeane mkataba wa pembeni.

Ipi ina karatasi zinazosimama? Na hiyo (a) inaongezwa vipi?

Wino_Mweusi:
Waalaykum salaam. Kwanza mnunuzi asahau aliyoyazoea Dar. Ardhi si jambo la Muungano, Sheria ya Ardhi ya Bara ya 1999 inakomea baharini. Huku ardhi yote iliwekwa mikononi mwa Serikali baada ya Mapinduzi, na sheria namba 12 ya 1992 ndiyo iliyopanga nani anapewa nini: haki ya matumizi ni ya Mzanzibari aliyetimiza miaka 18, na asiyekuwa Mzanzibari mlango wake ni ukodishaji. Kuwa Mtanzania hakumfanyi mtu kuwa Mzanzibari, Uzanzibari una sheria yake ya 1985.

Kwa hiyo hakuna anayemuuzia ardhi. Jambiani anauziwa miaka 13, kuta na ruhusa. Gawa bei kwa miaka: 130,000 kwa 13 ni dola 10,000 kila mwaka, kabla ya kodi ya ardhi na kabla ya kubadilisha hata bati moja. Akiiona hesabu hiyo ndipo akae na muuzaji.

Bi_Nyaraka:
Kuhusu "kuongeza ni kawaida". Mwambie afungue kifungu cha muda na asome kitenzi. Mikataba mingi ya uwekezaji ni miaka 33 yenye nafasi ya kufika 99, lakini "unaweza kuongezwa" si "utaongezwa". Neno la kwanza linampa haki ya kuomba, basi. Mara nyingi nyuma yake panafuata "endapo Mkodishaji ataridhika", na Mkodishaji hapo ni Serikali. Kinachomridhisha ni mambo matatu: kodi ya ardhi haidaiwi hata mwaka mmoja, kilichojengwa ndicho kilichoandikwa, na ombi limefika mkataba ungali hai. Mkataba ukishakufa huongezi kitu, unaomba upya kama mgeni, na nyumba imekaa juu ya ardhi ambayo huna haki nayo.

Dawa: anayeomba nyongeza awe muuzaji, sasa hivi, mauzo yangoje majibu. Akikataa, bei ihesabiwe kwa miaka 13 tu, ile ya matumaini isilipiwe hata senti.

Bikoni7:
Mimi naongezea la mguuni. Asiridhike na ramani iliyoambatishwa kwenye mkataba, achukue mpima aende naye. Bikoni, yaani alama ya mpaka, ni kijiti cha chuma ndani ya zege, kina namba, na namba hiyo lazima iwe ile ile ya kwenye ramani. Pwani ya mashariki ninyi mnaijua: ukuta umesogezwa nyuma ya bikoni kuelekea kijijini, au bikoni ya mbele imeliwa na bahari na mtu akapanda nyingine kwa kukisia. Mkataba unasema mita za mraba 2,400, ukuta umezunguka 2,900. Zile 500 si zake, na siku ya kuomba nyongeza ndiyo siku zinapoonekana.

Na apime kutoka pale maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, yanapofika: mita 30 hazijengwi. Ile baa ya makuti na sakafu ya saruji iliyo mchangani isiingie kwenye bei.

Daftari_la_Kampuni:
Hamjamuuliza mkataba uko kwa jina la nani. Ukiwa wa kampuni, muuzaji atapendekeza "nunua hisa tu, ardhi haiguswi". Ni kweli inakwenda haraka, kwa sababu mkodi habadiliki. Lakini ukinunua hisa unanunua na madeni: kodi, mshahara wa mpishi wa miezi minne, michango ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar), mkopo uliowekewa nyumba rehani. Upekuzi ufanywe BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali) kwa kampuni na kwa Mrajis wa Ardhi kwa kiwanja, zote mbili. Halafu kama mradi uliidhinishwa na ZIPA (mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar), mabadiliko ya wenye hisa nayo yana pa kupita, si ya kufanyiana mezani hotelini.

Kuhaulisha mkataba wenyewe, yaani kuuhamishia jina la mnunuzi, kunachelewa lakini ni safi: Kamisheni ya Ardhi kwa ridhaa, Bodi ya Uhaulishaji Ardhi kwa sheria namba 8 ya 1994, ushuru wa stempu kwa ZRA (mamlaka ya mapato ya Zanzibar), kisha usajili. Kodi ya faida ya mauzo ni ya TRA, kwa kuwa kodi ya mapato ni ya Muungano. Watu hulipa mlango mmoja wakadhani wamemaliza.

Mimi ningechagua kuhaulisha, hata kama kutachukua miezi.

Wino_Mweusi:
(c) naipinga moja kwa moja. Mkataba wa pembeni unaosema "ardhi ni yangu ila jina ni lako" ni ushahidi wa kukwepa sheria, na anayeuleta Mahkama ya Ardhi anajishtaki mwenyewe. Na tuseme hawagombani kamwe. Shemeji akifariki, shamba linaingia mirathi: mke wake thumni kama kuna watoto, robo kama hakuna, na waliobaki kila mtu kwa fungu lake. Hakuna fungu la shemeji. Hati ya uwakala haimsaidii, inakufa siku moja na aliyeitoa.

Mtambile_Mkarafuu:
Sie wa Pemba tuna letu, maana mtu akiona Kizimkazi ghali huambiwa "njoo Pemba rahisi". Huku miti na ardhi ni mambo mawili. Kuna karatasi za kukodi mikarafuu: unakodi mavuno ya msimu, mikarafuu 60 kwa mfano, ukishachuma na kupeleka ZSTC (shirika la Serikali linalonunua karafuu) haki yako imekwisha. Dalali atakuonesha karatasi hiyo na muhuri wake, akuite "mwenye shamba". La pili ni eka tatu za Mapinduzi, yale mashamba Serikali iliyowagawia watu baada ya 1964. Zile zilitolewa kwa masharti, zisome hati yake kabla hujatoa hata bahasha ya chai.

Na barua ya sheha, kiongozi wa shehia, ni ushahidi kwamba sheha anamjua mtu. Haigeuki kuwa hati.

Kiwanja_na_Hati:
Nimewafahamu, (c) naifuta. Na (b)? Wauzaji wa Fumba wanasema ni "umiliki kamili".

Bi_Nyaraka:
Kamili ndani ya miaka. Sheria ya Kondominio namba 10 ya 2010 inampa hati ya fleti na fungu katika ngazi, paa, tangi la maji na bustani, lakini jengo zima limekaa juu ya mkataba wa kukodi. Fleti haiishi zaidi ya ardhi iliyo chini yake. Aombe kuuona mkataba mkuu wa ardhi, si broshua.

Kama jengo halijakwisha, swali ni moja: ramani ya kondominio imesajiliwa? Haijasajiliwa, basi bado hakuna fleti ya kuhaulisha, kuna ahadi. Malipo yafuate hatua za ujenzi, msingi, slabu, paa, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka hati itoke. Ada ya huduma ya kila mwezi aiulize kabla, lifti na jenereta havili hewa.

Ukinishika mkono nichague: (b) kwa anayetaka kukaa, (a) kwa anayetaka biashara na ana barua ya nyongeza mkononi.

Kilemba_Si_Nyumba:
Asije akakimbilia Mji Mkongwe kwa hasira. Dola 130,000 pale mara nyingi ni kilemba: unamlipa mpangaji atoke, nyumba inabaki ya Serikali au ya wakfu. Ya wakfu haiuzwi na mpangaji hata awe amekaa miaka 40.

Kiwanja_na_Hati:
Muuzaji wa Jambiani anadai asilimia 30 wiki hii, ana mnunuzi mwengine.

Daftari_la_Kampuni:
Yupo kila wiki huyo mnunuzi mwengine. Asilimia 10, iingie akaunti ya wakili wa mnunuzi, na makubaliano yaandikwe kwamba inarudi yote ikiwa ridhaa ya Kamisheni haikutoka, au mpima akikuta eneo pungufu. Muuzaji atie saini kwanza ombi la nyongeza na stakabadhi za kodi ya ardhi tangu 2006 ziwe mezani, za asili, si picha za simu.

Bikoni7:
Na mpima awe wake, asiletewe na dalali.