Guqin ya kwanza: ya yuan 1,200 mtandaoni au ya 3,800 kwa fundi?

Tofa_Nanjing
Wakuu, habari za jioni. Niko Nanjing kimasomo, na tangu muhula uliopita najifunza guqin. Mpaka leo napigia ya mwalimu, nimeona haya kuendelea kuazima. Kwa wasioijua: ni ala ya Kichina, ubao mwembamba wa kama mita 1.2, nyuzi 7, unalazwa mezani. Sauti yake ndogo mno, naipiga saa sita za usiku na jirani hagongi ukuta.

Nimepata mbili. Moja ya mtandaoni, yuan 1,200, inang'aa balaa, na begi juu. Nyingine iko karakana moja Yangzhou, 3,800, haina mbwembwe. Kwa macho yangu ni zilezile. Hiyo 2,600 ya katikati ni kodi yangu ya miezi miwili. Nichukue ipi?

Shemeji_wa_Mbao
Ya fundi. Imeisha hiyo.

Bi_Rukia
Shemeji, mwenzio anahesabu kodi, usimjibu kama unafukuza kuku.

Tofa mdogo wangu, mimi nilianza na ya bei rahisi. Ukiidonoa tu, nyuzi wazi, inalia vizuri na unajiona umeokoa pesa. Shida ilikuja mkono wa kushoto. Unajua guqin haina vidaraja katikati: unabonyeza uzi kwenye ubao kwa ubavu wa kidole gumba, halafu unakiburuta. Kando ya ubao kuna vidoti 13 vya kuonyesha mahali pa kugusa; yangu nikitoka kidoti cha 7 kwenda cha 9, uzi ulikuwa unakwaruza kama nzi ndani ya chupa. Uso wa ubao ulikuwa na kibonde ambacho huwezi kukiona. Nikaulizia matengenezo: wakwangue vanishi, wapake upya. Bei ya kazi hiyo ilikuwa karibu sawa na ya chombo chenyewe!

Kwa hiyo usiangalie mng'ao. Buruta kidole kwenye kila uzi, kutoka kichwani hadi mkiani, taratibu. Kisha gusa vidoti vyote 13 bila kubonyeza, usikie kama ile sauti ya kengele inatoka safi. Na Wachina wana kipimo chao: kichwani kipite kidole, mkiani ipite karatasi. Huo ndio mwanya kati ya uzi na ubao. Ukizidi, utabonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Shemeji_wa_Mbao
Haya, nimekaripiwa, nieleze. Pesa inakwenda kwenye vanishi. Ile ya kweli ni utomvu wa mti uliochanganywa na unga wa pembe za kulungu, tabaka juu ya tabaka. Na ajabu yake, haikauki juani. Inataka joto na unyevu, kila tabaka lingoje zamu yake. Ni kazi ya miezi. Ya rangi ya kiwandani inakauka upesi, lakini nyuzi huichimba mitaro. Mbao zenyewe hazina siri sana: juu paulonia au shan, ule mti unaofanana na msonobari, chini mti mgumu zaidi. Muuzaji akikwambia mbao ni boriti ya hekalu la kale, msikilize kwa adabu, usilipie hadithi.

Kanuni_Ngambo
Wanangu, mimi ni mpigaji kanuni wa taarabu, Unguja. Hii siyo ile yenye nyuzi nyingi kama kanuni yetu?

Tofa_Nanjing
Shikamoo mzee. Hiyo ni guzheng, nyuzi 21, na kila uzi una kidaraja chake. Hii kwa kuburuta kidole inakaribia udi zaidi.

Kanuni_Ngambo
Marahaba. Basi msimwache bila kumwambia nyuzi. Chuma au utumbo?

Bi_Rukia
Chuma iliyovishwa nailoni, au hariri, mzee. Hariri ndiyo ya asili. Marehemu Guan Pinghu alipiga hariri, na rekodi yake ya wimbo wa Liu Shui ilipelekwa angani na chombo cha Wamarekani, Voyager, mwaka 1977, dakika 7 na sekunde 37. Unasikia hadi kidole kikisugua uzi. Lakini Nanjing zile mvua za Juni utatyuni kuliko utakavyopiga, na uzi wa kwanza kukatika utakuliza. Anza na chuma. Hariri utaweka baadaye kwenye ubao uleule.

Tofa_Nanjing
Mrejesho. Jumamosi nilikwenda Yangzhou na karatasi mfukoni. Ile niliyoitamani ilikwaruza kwenye kidoti cha 10! Fundi hakubisha, akaiweka pembeni, akanitolea nyingine yenye mchubuko wa vanishi karibu na mkia, 3,500. Nimeburuta nyuzi zote saba, kimya. Nimeibeba.

Korosho_Mtwara
Hongera. Swali moja: vanishi inanuka? Ule mti wa utomvu ni ndugu wa mkorosho na mwembe. Hapa kwetu tunajua mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua mikono ya wabanguaji. Kama bado mbichi, iache mahali penye hewa majuma kadhaa kabla ya kuigusa.

Tofa_Nanjing
Vidole vinaniwasha tangu juzi. Nilidhani mbu.