Hivi nani kasema fidla ya kusini mwa Marekani ni muziki wa wazungu?

Wakuu habari zenu. Nimeleta hii mada manake kwenye kundi letu la wasap jamaa mmoja kaandika kwamba fidla ya kusini mwa Marekani, ile ya vijijini inayopigwa na banjo pembeni, ni urithi wa wazungu wenye asili ya Scotland na Ireland, na mweusi akiishika anaiga tu. Nilimkatalia kule na hapa nakataa tena, mwenye hoja alete.

Tuelewane kwanza, fidla ninayosema ni hiihii tunayoisikia kwenye taarab, tofauti iko mkononi. Wazee wengi wa kule walikuwa wanaiegemeza kifuani, sio chini ya kidevu, afu upinde unagusa nyuzi mbili kwa mpigo, moja inabeba wimbo na mwenzie inavuma tu bila kukatika kama nyuki ndani ya mzinga. Kuna na kitu kingine nakipenda sana, mtu wa pili anasogea karibu, anashika vijiti viwili vyembamba anagonga nyuzi zilezile katikati ya upinde na vidole vya mpigaji wakati mwenzie anaendelea kuvuta, yaani fidla moja inageuka ngoma na wimbo kwa pamoja.

Sasa enzi za utumwa kwenye madansi ya mabwana nani alikuwa anapiga? Mara nyingi sana alikuwa mweusi. Solomon Northup alikuwa mtu huru kabisa kule New York, anajulikana kwa fidla, 1841 wakamdanganya kuna kazi ya kupiga kwenye sarakasi, kufika Washington akauzwa, akatumikishwa Louisiana mpaka 1853, na hukohuko utumwani akawa anaitwa akapige kwenye sherehe za wazungu. Banjo nayo mizizi yake ni Afrika Magharibi. Kwaiyo fidla na banjo kukaa pamoja, ambayo ndo roho ya muziki wenyewe, mweusi unamtoaje hapo?

Mstari ulichorwa na kampuni za santuri. Juni 1923 Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Okeh alimrekodi Fiddlin' John Carson pale Atlanta, mzungu, na uimbaji wake hakuupenda kabisa ila nakala 500 za kwanza ziliisha chap, wakaona hela. Baada ya hapo santuri za weusi zikawekwa orodha yake na za wazungu wa vijijini yake, mweusi akiingia studio anatakiwa blues. Andrew Baxter, fidla, mweusi wa Georgia, 1927 alirekodi na bendi ya wazungu, Georgia Yellow Hammers, ila mambo kama hayo yalikuwa ya kuhesabu.

*

Mkuu mleta mada umeongea vizuri ila kuna kitu umekikwepa. Nyimbo zenyewe zimetoka wapi? Leather Britches ni wimbo wa Scotland uliobadilishwa jina tu. Na magwiji wote wanaotajwa, Eck Robertson aliyerekodi 1922, Tommy Jarrell, Bob Wills, ni wazungu. Weusi wenyewe waliiacha fidla wakahamia gitaa, kwani nani aliwafukuza?

*

Mkuu asante, Leather Britches nakupa, sibishi. Lakini wimbo ni kitu kimoja na jinsi upinde unavyokata mdundo mpaka watu wainuke kwenye viti ni kitu kingine. Bob Wills unayemtaja alirekodi wimbo wa Mississippi Sheiks, bendi ya weusi yenye fidla, wao waliutoa 1930.

Na hao magwiji unawajua kwa sababu walirekodiwa, hapo ndo panaponiuma. Arnold Shultz wa Kentucky alikuwa anapiga fidla na gitaa, Bill Monroe, yule mzungu aliyekuja kuwa gwiji wa bluegrass, muziki wa hukohuko kusini, akiwa kijana alimsindikiza kwa gitaa kwenye madansi na mwenyewe alikiri kujifunza kwake, lakini Shultz kafa 1931 na hatuna hata santuri yake moja. Utasemaje waliiacha wakati hukuwasikia?

Afu sio wote walioiacha. Joe Thompson, kazaliwa 1918 North Carolina, kajifunza kwa baba yake, kapiga mpaka uzeeni. 2005 vijana weusi watatu, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, wakaanza kwenda kwake kila wiki, wanakaa naye wanapiga anachopiga, hakuna karatasi ya noti. Wakaunda Carolina Chocolate Drops na 2011 wakachukua Grammy. Mzee kafariki 2012.

Nakuomba kitu kimoja tu mkuu, mtafute Joe Thompson umsikilize, usihangaike na jina la wimbo, fuata mkono wa kulia, afu rudi hapa uniambie huo mdundo ni wa Scotland.