Mafundi wa polishi, mnakula rangi za magari yetu halafu mnasema gari limeng'aa

Wakuu, nimeshikwa na hasira na sitaki kuificha. Nimepeleka gari jeusi kupigwa polishi. Lilikuwa na ile mikwaruzo midogo ya mviringo inayoletwa na kuosha kwa kitambaa chenye mchanga, unaiona jua likipiga. Tulikubaliana vizuri: kingo kwa mkono, sehemu pana kwa mashine. Nikakabidhiwa gari linawaka kweli, ndani ya karakana, kivulini.

Limeoshwa kwa shampuu, likakaa juani, mikwaruzo yote ya zamani ikarudi. Juu yake kuna michirizi mipya, mipana, inayohama ukitembea, imefuata njia ile ile aliyopitisha mashine. Na kwenye ukingo wa boneti klia, lile tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi, imeisha kabisa, imebaki rangi ya chini imepauka. Narudi kuuliza, naambiwa: "Bosi, rangi yako ilikuwa imeshachoka."

Haikuchoka. Imesagwa!

Klia ya kiwandani kwenye magari mengi ya siku hizi ina unene wa mikroni 35 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Polishi ya kuondoa mikwaruzo ina chembe za kusaga. Mkwaruzo unaondoka kwa sababu klia iliyouzunguka imepunguzwa hadi usawa wake. Kilichosagwa hakirudi mpaka upige rangi upya. Na klia hiyo hiyo ndiyo inayoikinga rangi na jua. Sasa mtu anawezaje kuwasha mashine kwenye gari la mwenzake bila kupima unene wa rangi, bila kujaribu kwanza kipande kidogo pembeni aone kinatoka vipi? Kipimo kipo, kinashikwa mkononi, unakiweka kwenye bati kinakusomea.

Mikwaruzo iliyorudi ilizibwa tu kwa mafuta. Angefuta kipande kwa spiriti kabla ya kunikabidhi, ingejionyesha pale pale. Michirizi ni ya mashine ya mzunguko mmoja iliyovalishwa pedi ya sufu na dawa kali ya kusaga, kisha hatua ya kumalizia kwa sponji laini na dawa laini ikarukwa. Ukingo nao kila anayeijua kazi anaubandika utepe, maana pale klia huwa nyembamba na mgandamizo wote wa sponji unaangukia pamoja na joto lake.

Na nyie mnaosema "ndiyo maana mimi ni mkono tu", msinifurahie. Mkono hauna usalama wa kuzaliwa nao. Klia ngumu haisagiki sawasawa kwa kitambaa, unasugua mpaka bega linauma, vidole vinagandamiza sehemu moja kuliko nyingine, na mwisho unaacha mistari yako mwenyewe. Kinachong'aa baada ya hapo mara nyingi ni waksi iliyofunika. Mkono una mahali pake, tena pa lazima: kwenye kikombe cha kitasa cha mlango, kuzunguka nembo, kwenye mikunjo ya bati ambako sponji haiingii. Na kupaka waksi, sawa kabisa. Ila kutoa mikwaruzo ya gari zima kwa mkono ni kumdanganya mteja.

Kuna mashine inayozunguka huku ikiyumba. Ukiigandamiza kupita kiasi mzunguko unapungua wenyewe, kwa hiyo haichomi klia haraka kama ile nyingine. Inachukua muda zaidi, na mtu anayetaka kumaliza magari mengi kwa siku haitaki. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu rangi niliyopoteza imelipia haraka ya mtu mwingine.

Mkwaruzo ukinasa ukucha, mwambie mwenye gari kwamba huo hautoki kwa polishi. Mwambie klia iliyobaki haitoshi, achague mwenyewe kubaki na alama. Sisi siyo watoto, tutaelewa.

Fundi sasa anataka kunipigia polishi tena bure. Yaani asage kilichobaki! Nimekataa. Ninachodai ni boneti ipigwe rangi na klia upya kwa gharama yake, na hao waliobaki wanaonishauri nikubali yaishe wasijisumbue. Aliyewahi kudai fidia ya klia iliyochomwa na akalipwa, aje aseme alianzia wapi na alipeleka ushahidi gani. Picha za juani ninazo, na boneti sijaigusa.